Tundu la Kupumulia

Rangi ilikataa kukauka. Siku tatu za jua la kupasua utosi, na geti lililosimama karibu na pipa bado lilikuwa linanata. Mume wa fundi, ambaye ndiye mpaka rangi wa karakana, alisingizia kopo bovu. Mwongo wa mchana kweupe.

Mliosikia kisa cha kwanza mnajua mna nini ndani ya pipa lile. Msijifanye mashujaa, nusu yenu mlilala na taa. Wageni, sogeeni. Fundi wa karakana ni mwanamke, mtaa mzima unamwita Cheche, na hakuna mwanamume aliyeshindana naye kuchomelea vyuma akarudi nyumbani na heshima zake. Mwaka jana jini lilimvamia bintiye wa pekee, Kidoti, miaka sita, likamnyonya pumzi hadi akafia mikononi mwa mama yake. Cheche hakulia. Alilikimbiza kwa moto wa mashine likajibanza ndani ya pipa la chuma, akatupia kifuniko, akachomelea mzunguko mzima.

"Jua hutaliona tena," aliliapia.

Ila aliacha tundu. Kila fundi wa kazi hii huacha katundu, hewa ya moto ipumue isije ikamrushia kifuniko usoni, na chuma kikipoa hulifunga. Cheche hakulifunga. Alisema amesahau. Amesahau! Mtu anayekumbuka bawaba za geti la miaka kumi iliyopita!

Siku ya nne, saa nane mchana, alirudi karakana kutoka dukani na msasa wake akamkuta mumewe amepiga magoti kando ya pipa, sikio tunduni, anacheka huku machozi yanamtiririka. Shingo yake ilikuwa imekonda mpaka ngumi ingepita kwenye kola.

"Baba Kidoti, unafanya nini hapo?"

"Shh! Anahesabu. Amefika kumi na mbili. Sasa ngoja, kumi na tatu anairuka."

"Huyo si mwanetu."

"Na wewe mwaka mzima hujawahi kumsikiliza? Haya, niapie."

Cheche akaweka msasa chini.

Akainama. Kwanza alisikia harufu ya mafuta ya mtoto, kisha, chini yake, harufu ya nywele zilizoungua. Akaona kwenye rangi mbichi ya geti alama za vidole vitano vidogo, na uzi wa moshi mwembamba ukitoka tunduni, ukipinda taratibu kama unaojua njia, ukiingia sikioni mwa mumewe, na kila ulipoingia shavu la mume lilizama kidogo zaidi, naye akizidi kutabasamu, na kasauti kale kakasema kutoka gizani, "Mama, leo umechelewa."

Akawasha mashine.

"Mke wangu, nakuomba," mume alinong'ona, ameliziba tundu kwa kiganja. "Usimzike mara ya pili."

"Nikiliacha wazi nitakuzika wewe. Toa mkono."

"Sitoi."

Alimvuta kwa kola, na mume alikuwa mwepesi kama kanzu tupu. Kijiti cha kuchomelea kikagusa chuma. Ndani kasauti kalikuwa kanahesabu, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na...

Tundu likazibika.

Harufu ikakatika. Mtaani watu waliendelea kupiga soga. Halafu pipa likaongea, na sasa kwa sauti yake lenyewe, ya mtu mzima, mpole, mwenye adabu zake.

"Asante, fundi. Mwanao alikuwa ananiponyoka. Kila siku kidogo, anahamia kwa baba yake. Nilikuwa nimebaki na miguu tu."

Mume alijishika sikio kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia maji yasimwagike.

"Linadanganya," Cheche alisema. "Majini yote yanadanganya."

"Ndiyo," mume alijibu. Akaenda ukutani, akachukua grainda ya kukatia vyuma, akamwekea mkononi. "Kata."

"Nikikata, hilo nalo linatoka. Litakumaliza."

"Kata, mama," mume alisihi.

Kidole kilikuwa kwenye swichi. Ndani ya pipa vikaanza kugonga visigino viwili vidogo, bila nguvu, kama vya mtoto aliyechoka kungoja.

Cheche akaiweka grainda chini. Akalikumbatia pipa, kifua na tumbo kwenye chuma kilichokuwa bado cha moto, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Visigino vikampiga tumboni, kimoja, kisha kingine, vile vile Kidoti alivyokuwa akimpiga kabla ya kuzaliwa.