Hodi kwenye Mlango wa Chokaa

Asubuhi ile kizingiti cha mlango wa chokaa kilikuwa kimefagiwa.

Jambo dogo, utasema. Lakini mlango wenyewe haukuwa mlango. Aliyelisanifu jengo lile la zamani alipenda mambo yalingane kama nyusi. Kushoto aliweka mlango wa kweli, ule wa duka la vitambaa. Kulia akakosa nafasi, basi akaufinyanga wa pili kwa chokaa ukutani, na fremu yake, na kizingiti chake, na kitasa kisichoshikika. Nyuma yake ukuta mtupu. Sasa nani afagie kizingiti ambacho hakuna anayekivuka?

Domo alikiona, akakipita. Domo ni jina alilopewa na mji, na hakuwahi kulikana. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watu kwa miguu katikati ya jiji, akiwaonyesha roshani za chuma, ngazi za mviringo na maduka ambayo kuingia ni rahisi kuliko kutoka. Yeye mbele, akipayuka. Mkewe nyuma, akiwabandua walioganda kwenye vioo vya maduka.

"Mimi ndiye kichwa cha treni," Domo aliwaambia wageni. "Yule kule ni breki. Tukianguka, mlaumuni yeye."

"Kichwa gani, mume wangu?" mkewe alijibu kutoka nyuma. "Wewe ni honi tu."

Kwenye mlango wa chokaa Domo husimama, hukohoa kama mtu aliyekuja kuposa, hugonga ukuta. "Hodi! Hodi wenyewe!" Kimya. Hapo hugeuka na uso wa msiba: "Wenyewe hawapo. Wamekwenda kununua mlango." Kicheko. Utani huo ulikuwa umemlisha miaka mingi, mpaka mwenye duka la vitambaa, shangazi wa mkewe, aliusema kimoyomoyo pamoja naye huku akipima kitambaa.

Siku ile akagonga kama kawaida. "Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu," ukuta ukajibu.

Sauti ya mwanamke, ya upole, kama ya mtu anayejifuta mikono akija kufungua. Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni ufundi wa koo. Domo peke yake ndiye aliyejua kwamba koo lake halikufanya kitu. Harufu ya chokaa mbichi ikamjaa puani. Na kule nyuma ya msafara, mkewe, aliyelelewa vizuri kuliko yeye na ambaye hajawahi kukaribishwa akanyamaza, akaitika:

"Asante."

Domo akawaharakisha watu mpaka kwenye kona ambapo matembezi huishia. Akasema maneno yake ya kila siku, yale ambayo ulimi wake uliyasema hata usingizini: "Asanteni, na karibuni tena! Karibuni sana!" Akatazama nyuma. Breki haikuwepo.

Alirudi mbio. Mbele ya mlango wa chokaa vilikuwa viatu vya mkewe, viwili sambamba, ncha zikielekea ukutani, kama mgeni anavyoviacha nje kwa heshima. Akabandika sikio.

"Asante, nimetosheka," mkewe alikuwa akisema, mbali, kama mtu aliye chini ya mablanketi. "Naomba niage."

"Mbona mapema?" ile sauti ikajibu. "Hata hatujazungumza."

Domo akaingia dukani nusura avunje kioo. "Shangazi! Nyundo!"

"Mimi nauza vitambaa, mkwe wangu. Mkeo yuko wapi?"

"Humo."

"Humo wapi? Domo, leo sicheki."

"Hata mimi sicheki, Shangazi."

Shangazi akatoka, akaviona viatu, na mkasi ukamponyoka mkononi.

Nyundo ilipatikana, na Domo akaupiga ule ukuta, akaupiga huku akiliita jina la mkewe, vumbi likimwingia mdomoni mle ambamo hamjawahi kukosa neno, mpaka akatoboa, na upande wa pili akaona rafu za duka la miwani, na fundi miwani ameshika kitambaa cha kufutia akimtazama, basi, hakuna chumba, hakuna mtu, ila sauti ya mkewe bado ilikuwepo, katikati ya matofali, mahali pembamba pasipotosha hata kiganja, ikisema kwa kunyenyekea, "Naomba niage, mwenzangu, nina mume nyumbani."

Shangazi akamburura hadi kwa mganga, mwanamke mnene aliyeishi ghorofani juu ya kinyozi.

"Umebisha hodi pale mara ngapi?" mganga akauliza.

"Kila siku, mama. Ni utani tu."

"Kwako. Mwenzako alikuwa anajiandaa." Mganga akateremsha sauti. "Sikiliza. Yule jini hajateka mtu, amepata mgeni. Nenda kabishe kwa adabu. Sema hukai, umemfuata mkeo. Atamtoa, kwa kuwa ana adabu; na atawasindikiza, kwa kuwa ana adabu. Mkifika kona, mwambie: tumefika, rudi. Neno lisizidi."

"Likizidi?"

Mganga alimtazama mdomo. "Hilo ndilo linalonitisha."

Maduka yalikuwa yanashusha milango ya chuma Domo aliporudi. Tundu alilolitoboa limezibwa, chokaa bado mbichi. Akagonga kwa kidole kimoja.

"Hodi."

"Karibu."

"Sikai. Nimemfuata mke wangu."

"Ndiyo kwanza tumezoeana."

"Nakuomba," Domo akasema, na kwa mara ya kwanza maishani hakusubiri mtu acheke. "Sina mwingine. Nakuomba sana."

Mkono wa baridi ukaingia ndani ya mkono wake. Mkewe alikuwa amesimama kando yake, mweupe kwa vumbi hadi kope, akitafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu.

"Usiseme kitu," mke akanong'ona. "Twende."

Wakaondoka, na nyuma yao zikaanza hatua za mtu wa tatu, nyepesi, zikidondosha chembechembe za chokaa kila zilipokanyaga, zikipita nao duka la vitambaa ambako Shangazi alikuwa ameziba uso kwa kanga, zikipita duka la saa na lile la viatu, ambamo kiooni walionekana wawili tu, zikisimama waliposimama, zikienda walipokwenda, mpaka wakafika kwenye ile kona.

"Tumefika," Domo akasema. "Rudi."

Hatua zikasita. Zikageuka. Na Domo, kwa furaha, kwa woga, kwa miaka yote ile ya kuagana na watu mahali palepale, akasikia ulimi wake ukiondoka bila yeye:

"Asante, na karibu tena! Karibu na kwetu!"

Kucha za mkewe zikamzama kiganjani.

"Asante," sauti ikajibu.

Hatua hazikurudi. Ziliwapita, taratibu, zikatangulia.

Hawakuwa na pa kwenda isipokuwa nyumbani. Walikuta kizingiti chao kimefagiwa. Pembeni palikuwa na viatu vyeupe vya chokaa, bado vibichi, ncha zikielekea ndani. Domo alikuwa ameshika ufunguo, lakini kitasa kilizunguka chenyewe, na kutoka jikoni ikaja sauti ya mtu anayejifuta mikono.

"Karibuni," ikasema. "Mbona mmesimama nje kama wageni?"

Wakabaki palepale, viatu miguuni, kila mmoja ameuziba mdomo wa mwenzake.