Sahani Mbili za Fasikhi

Siku ile mjinga alikuwa Rawya, na mpaka leo ukimuuliza hakatai.

Ilikuwa Jumatatu ya Sham en-Nasim, sikukuu ya Wamisri ya kukaribisha majira ya kuchipua. Mji wote wa Zagazig ulikuwa umehamia kando ya maji na mikeka yake, mayai ya rangi, vitunguu majani na fasikhi, yule samaki wa chumvi ambaye harufu yake hufika kabla yake. Lakini baba yake Rawya, Fundi Sabri mshona nguo, figo zake zilikwisha acha kazi. Kila Jumamosi, Jumatatu na Jumatano husafishwa damu hospitalini, na mashine haijui sikukuu. Mama alikwisha fariki. Rawya alibaki nyumbani na paka, na paka naye akafuata harufu kwa jirani.

Rawya akaandaa sahani mbili za fasikhi. Alimlowesha samaki kwa ndimu na mafuta, kama wafanyavyo wote, akaamini ndimu imeua chumvi.

Baba alirudi alasiri, amepauka kama shuka. Akaitazama sahani.

"Rawya, hiki si chakula changu."

"Nimetia ndimu, Baba. Chumvi yote imekwisha. Au nile peke yangu tena?"

Lile "tena" lilimchoma. Akala kipande, akaongeza cha pili. Kisha kiu ikamshika. Yeye ambaye ameruhusiwa glasi tatu za maji kwa siku, alimaliza jagi zima.

Jumanne asubuhi miguu ilikuwa imevimba, viatu vikakataa kuingia. Kufika adhuhuri, alikuwa akihema kama aliyepanda ngazi. Rawya akamkimbilia jirani mwenye teksi, wakampeleka hospitalini, yeye analia njia nzima.

"Nani kamlisha chumvi?" aliuliza muuguzi, Sista Inshirah, huku akimwunganisha baba na mashine.

Rawya angeweza kunyamaza. "Mimi. Lakini nilitia ndimu."

"Loo, bibi daktari! Ndimu inaficha ladha tu, chumvi iko palepale." Akamgusa mgongoni, usawa wa mbavu za chini. "Figo zako ziko hapa, mbili, kila moja kama ngumi yako, umbo la haragwe. Zinachuja damu kutwa kucha. Chumvi na maji yaliyozidi unayakojoa. Za baba hazichuji, basi maji yanajaa miguuni, halafu mapafuni. Tena figo ndizo zinazouagiza uboho wa mifupa utengeneze damu. Unaona alivyopauka? Ndiyo maana namchoma sindano."

Saa mbili baadaye baba alikuwa akipumua vizuri, na ulimi umerudi.

"Usimgombeze mtoto, Sista. Mtu mzima ni mimi. Lakini ungeziona zile sahani mbili!"

"Mngekula mayai."

"Sham en-Nasim bila fasikhi? Mtoto kashinda peke yake siku nzima, ningemwachaje ale peke yake?"

Sista Inshirah alitazama mashine, kisha akamtazama yeye.

"Kama hutaki mwanao ale peke yake, Fundi," alisema, "basi usife."