Mpishi wa Mafundi

Gaudiosa mwenyewe alinisimulia haya Jumapili iliyopita, tukipukuchua mahindi. Naandika kama alivyosema.

— Una mke? afisa wa benki alimwuliza Lazaro.

Walikuwa Chanji, kwenye jengo la ghorofa ambalo Lazaro na mbia wake Ignasi walilinunua likiwa bovu, ili walikarabati na kulipangisha. Hela ya bati ikakosekana, wakaomba mkopo. Gaudiosa alikuwa pale pale, ameinamia sufuria la maharage. Mahari ya Lazaro ilishapokelewa kwao, kijijini Pito, bado ndoa ya kanisani tu.

— Sina, Lazaro akajibu.

— Na huyu mama?

— Huyo mpishi wa mafundi, Ignasi akadakia.

Lazaro akatazama dari. Gaudiosa akaendelea kukoroga, ila chumvi alitia mara mbili.

Afisa alipoondoka, Gaudiosa akamwita Lazaro chumba cha juu, kile walichosema kitakuwa chao.

— Kwa nini, Lazaro?

— Ukiwa na mke, lazima yeye akubali jengo liwekwe dhamana. Ignasi aliogopa utakataa.

— Mliniuliza?

— Hapana.

— Ningekubali. Kesho twende benki nikawaambie.

— Nimeshasema sina mke, Gau. Nikifunga ndoa sasa wataniita tapeli. Tungoje mkopo uishe.

— Unaisha lini?

— Miaka saba.

— Na miaka yote hiyo mimi nani?

— Si unajua mwenyewe.

— Mimi najua. Kamwambie yule wa benki.

Akangoja. Lazaro alikuwa akibandua saruji iliyogandia kwenye kucha. Kisha akasema polepole:

— Ignasi anasema hata hiki chumba tukipangishe.

Gaudiosa akashuka, akawapakulia mafundi chakula chao, akapanda bodaboda mpaka Pito kwa mama yake, Rosina.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Mbona huna mzigo?

— Nimekuja hivi hivi.

Walikula, wakalala kitanda kimoja. Simu ikalia. Ujumbe wa Lazaro:

“Mpz umefika? Kesho mafundi wa plasta wanaanza mapema, watakula nini?”

— Anasemaje? Rosina akauliza.

— Anauliza mafundi watakula nini.

Rosina akageukia ukutani.

— Zima hiyo simu, mwanangu.

— Nazima, mama.

Hakuzima. Labda ungekuja ujumbe mwingine. Mama akaanza kukoroma, naye Gaudiosa bado anakitazama kioo cha simu kikiwa cheusi, mpaka usingizi ukamchukua na simu mkononi.