Karatasi ya Marehemu Eusebio

Niwieni radhi mapema: hadithi hii nitaiharibu. Mimi ni mtu wa vichekesho. Jukwaani nilifundishwa kunyamaza pale tu ninapongoja watu wacheke. Sasa mkiona nimenyamaza humu, msicheke. Hapo nilikuwa naogopa.

Ilikuwa mwaka sabini na mbili. Dada yangu Magreth, wa Rahaleo, alikuwa na binti mmoja, Veronika, na Veronika alikuwa na mchumba, Constantino, kijana wa bandarini. Gauni limeshashonwa, pombe imeshavundikwa, ndipo shoga mmoja akamnong'oneza dada yangu sikioni.

"Kwao Constantino kuna mchawi," Magreth akaniambia. "Baba yao Eusebio alipozikwa kule Kilambo, watoto walitajwa wanne. Nao wamezaliwa watano! Yule wa mwisho, Esperanca, hakutajwa. Kwa nini?"

Kila mtu wa kwetu alijua kwa nini. Historia ya marehemu husomwa kaburini kabla ya udongo, na ya Eusebio aliitoa yeye mwenyewe kitandani, katekista akaandika. Baba anayekata roho akimwacha mwanawe nje ya karatasi, ameshawaonyesha watu muuaji wake.

"Na aliyesoma ni wewe, Gaudensi."

Kweli, ni mimi. Nilibeba magunia na Eusebio bandarini miaka mingi, na Mungu amenipa sauti ya honi ya meli. Misibani huniita kabla ya jeneza.

"Nilisoma kilichoandikwa," nikajitetea.

"Basi ilete hiyo karatasi. Jina likiwemo, Jumamosi tunacheza. Lisipokuwemo, mwanangu haendi kuliwa na wifi yake."

Karatasi ilikuwa kwa Bibi Lucinda, dada wa marehemu, huko huko Kilambo. Nikadandia lori la korosho.

Nilifika jua linazama. Nyumba ya Lucinda imejitenga na nyingine, ukitoka uani ni mto Ruvuma tu. Toka mbali nikasikia kinu.

Twi… twi… twi…

Nikafurahi. Panapotwangwa pana ugali.

Uani palikuwa na mwanamke, amenipa mgongo, amejitanda kaniki mpaka kichwani.

"Hodi, dada!"

Twi… twi…

"Dada, au mchi umekula ulimi?"

Hakucheka. Nikavuta hewa. Harufu ya makopa ya muhogo… na chini yake harufu nyingine. Tope la mtoni. Tope la baridi.

"Nimefuata karatasi ya marehemu Eusebio."

Mchi ukasimama.

Akaingia ndani, akatoka na karatasi. Hakunipa mkononi. Aliiweka kwenye kigoda, akarudi nyuma ya nguzo, gizani.

"Soma," akanong'ona.

"Dada, macho yangu na giza hili…"

"Soma. Kama siku ile."

Nikasoma. Mistari miwili ya juu ilikuwa ya marehemu mwenyewe, kisha watoto, kila mmoja na mstari wake. Constantino, mstari wa tatu. Wa nne, wa tano, wa sita, nao nikawasoma. Nikafika wa saba.

*Esperanca, kitinda mimba. Ndiye anayeniuguza. Mumtunze.*

Ulimi ukagoma.

Jina lilikuwemo. Lilikuwemo, tena na maneno ambayo wenzake wanne hawakuyapata.

Hapo nikaikumbuka siku ile. Baada ya mstari wa sita niliona waombolezaji wamepoa, nikapachika kisa changu: jinsi Eusebio alivyolala juu ya magunia ya korosho, winchi ikamnyanyua nayo, akaamkia hewani na kumwamkia Mtakatifu Petro. Watu walicheka wakashikana mabega. Nilipoinamisha macho, yakatua mstari wa nane.

"Tena," ile sauti ikasema.

Haikutoka tena nyuma ya nguzo. Ilikuwa sikioni mwangu.

Nikasoma tena.

"Tena. Kwa sauti."

Nikapaza sauti yangu yote. Jina likavuka mto, likagonga ng'ambo, likarudi.

Nikaishusha karatasi.

"Unamsomea nani, mwanangu?"

Nikaruka! Bibi Lucinda alikuwa anapanda kutoka mtoni, ndoo kichwani, kibatari mkononi.

"Huyu anayekutwangia, bibi."

"Sina wa kunitwangia."

Akainua kibatari juu ya kinu. Ndani alikuwa ameatamia mtetea. Akatutazama kwa jicho moja, kama tumemkatisha sala.

"Ana wiki ya pili humo," Lucinda akasema polepole. "Na hiyo karatasi umeitoa wapi?" Akavuta kamba shingoni. Ufunguo wa sanduku alimoifungia ulikuwa pale pale. Tukaingia ndani. Kufuli lilikuwa limefungwa.

"Bibi… Esperanca yuko wapi?"

"Walimfukuza siku ya arobaini. Aliingia mtoni jioni kama hii. Kuna wanaosema alivuka. Kuna wanaosema hakufika." Akakaa chini. "Mimi sijui kusoma, mwanangu. Nikasema, kaka yangu alijua nisichokijua. Miaka sita namchukia mtoto yule. Karatasi inasemaje?"

"Jina lake limo, bibi."

Akajifunika uso kwa khanga. Mengine sikumwambia. Pembeni ya mlango palikuwa na ungo umejaa unga, mweupe, mpya. Lucinda aliutazama. Nami niliutazama. Jioni ile hakuna aliyesonga ugali.

Niliporudi Rahaleo, Magreth alipitisha kidole mstari kwa mstari. Pembeni ya mstari wa saba palikuwa na alama ya dole gumba, ya unga.

"Limo," akasema. Akaniangalia sana. "Sasa nani aliyelitoa?"

"Labda upepo wa makaburini."

Jumamosi tukacheza. Nilipoitwa kuwatambulisha ndugu wa bwana harusi, nikawasimamisha watatu, kisha nikakunjua karatasi, nikamsoma wa nne wao, Esperanca, na maneno yake yote.

Nyuma ya jiko, ambapo hapakubaki mwanamke hata mmoja, kinu kikajibu.

Twi…

Mara moja tu.

Tangu hapo nazitunza karatasi za marehemu kwenye bati la biskuti. Watu waliovuka mto toka ng'ambo bila cheti wala picha hunijia kutafuta babu alitokea wapi, nani ndugu wa nani. Nawasomea kidole kikiwa kwenye mstari, na kisa sipachiki.

Mpaka leo hawaachi kuniuliza kama namjua mchawi wa Kilambo. Namjua sana. Ana kitambi, ana sauti ya honi ya meli, na kila asubuhi mimi ndiye ninayemnyoa ndevu.