Barafu Zilizobonyea

Niambie, mwanangu, umewahi kusikia mita ya umeme ikilia? Hailii kwa sauti kubwa. Inalia pi, pi, pi, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake, na kijitaa chake chekundu kinapepesa pale ukutani. Ikilia hivyo, ujue umeme uliolipiwa unakaribia kwisha, na mtu mzima mmoja wa nyumba hiyo ataingiza mkono mfukoni huku amekunja uso.

Nyumbani kwa kina Chiriku, mita ilikuwa ikilia mara nyingi kuliko zamani. Chiriku alikuwa msichana wa darasa la sita. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Akiamka anaongea, akioga anaongea, hata mswaki ukiwa mdomoni anaongea.

Baba yake alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Mama yake alitengeneza barafu za maziwa, akazigandisha katika vikombe vidogo vya plastiki vyenye vijiti, kisha akazipeleka kwa wafyatua matofali na kwenye lango la shule. Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliishi nao tangu alipofiwa na mumewe. Yeye ndiye aliyeshinda na mdogo wa Chiriku, mtoto wa miaka mitatu mwenye mashavu yaliyojaa mpaka kila mtu akamwita Bonge.

Friza ya mama ilikaa jikoni, ubavuni mwa meko. Ilikuwa kuukuu. Mpira wa mlango wake ulikuwa umelegea, na kila ilipoanza kazi ilitetemeka na kunguruma kama lori linalopanda mlima. Lakini ndiyo iliyowalisha. Bila friza hakuna barafu, na bila barafu hata sabuni ingekuwa ya kukopa.

Bei ya umeme ilipopanda, kila mtu alijibana kwa namna yake. Baba alitoa balbu ya barazani. Nguo za shule zikawa zinapigwa pasi kwa pamoja, siku moja tu ya wiki. Hata mkaa ulikuwa umepanda bei, kwa hiyo shangazi akaanza kuchemsha maji ya kunywa kwa makaa yanayobaki maharage yakishaiva. Aliketi kwenye kigoda, mkono shavuni, akiyangoja yatokote.

"Wifi, hayo makaa yana nguvu kweli ya kuchemsha maji?" mama alimuuliza siku moja.

"Yanayo. Mimi siondoki hapa mpaka niyaone yanaruka," shangazi alijibu. "Usijisumbue kwa ajili yangu."

Siku hizo mama hakusema mengi, na jambo hilo ndilo lililomkosesha raha Chiriku. Zamani mama alikoroga maziwa huku akiimba na kumtania baba kwa matone ya rangi yaliyomo masikioni mwake. Sasa alikoroga kimya. Asubuhi moja Chiriku alimkuta amesimama mbele ya mita, paji la uso limegusa ukuta.

"Inanila," mama alikuwa akijisemea. "Friza hii inanila nikiwa hai."

Chiriku alirudi nyuma polepole, asionekane. Alitaka kumwuliza mama kuna nini. Kwa mara ya kwanza, yule msichana wa maneno mengi hakupata neno.

Hapo ndipo alipopata wazo lake. Kila asubuhi baba aliondoka kwanza. Mama akafuata na boksi lake la barafu, baada ya kumpa Bonge moja mkononi ili asimlilie mlangoni. Shangazi akatoka na Bonge uani kufagia na kuanua vyombo. Chiriku, kwa kuwa shule ilikuwa karibu, alibaki jikoni peke yake akimalizia chai. Basi akawa anabonyeza swichi ya friza. Tap! Ngurumo inakata. Mchana akirudi anaiwasha kabla mama hajafika. Shangazi alishinda uani chini ya kivuli cha ukuta, na friza ikiwa kimya au ikinguruma, huko haisikiki.

"Itapumzika mchana, na barafu zimeshaganda," Chiriku aliwaza. "Mama akiona umeme hauishi haraka, atafurahi. Kisha nitamwambia ni mimi."

Hakufikiri juu ya ule mpira uliolegea, wala juu ya joto la mchana jikoni. Barafu ziliyeyuka, zikawa maziwa ya uvuguvugu. Friza ilipowashwa zikaanza kuganda upya, na kesho yake zikayeyuka tena. Mita nayo haikutulia kama alivyotarajia, maana friza ilipowashwa ilinguruma jioni nzima bila kupumua.

"Mbona siku hizi barafu zangu zinabonyea katikati?" mama aliuliza jioni moja, akigeuza kikombe mkononi. "Kama zimekanyagwa na kuku."

Chiriku alijitia kutafuta kifutio mkobani. Mama akairudisha barafu ndani.

Siku mbili baadaye Chiriku alirudi kutoka shule akakuta watu wamejaa uani. Bonge alikuwa amelala begani kwa mama, shingo imelegea, midomo imekauka. Alikuwa ametapika na kuharisha tangu asubuhi, na mtu mmoja alikuwa amekimbia kumwita mama kule kwenye matofali.

"Wifi, umempa mwanangu maji yasiyochemka!" mama alikuwa akipiga kelele, sauti imepasuka. "Unabania mkaa mpaka unataka kuniulia mtoto! Hayo makaa yako ya kubahatisha, hayo!"

"Yalichemka, wifi. Niliyaona kwa macho yangu."

"Macho gani? Hata sindano unatungiwa uzi na Chiriku!"

Jirani wa chumba cha pili, aliyeitwa Mama Redio kwa sababu habari ikimfikia haikai, aliziba mdomo kwa kiganja. Wengine waliangalia chini. Shangazi alibaki ameshika ufagio. Chiriku alimwona akimeza mate kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Walimkimbiza Bonge zahanati. Chiriku alibeba mfuko wa nguo.

"Amekula nini? Amekunywa nini?" muuguzi aliuliza akikoroga dawa ya kurudisha maji mwilini. "Niambieni kila kitu, hata kidogo."

"Ni maji," mama alisema. "Wifi yangu hachemshi maji vizuri."

"Hakuna kingine? Maziwa? Chakula kilicholala?"

Chiriku alikumbuka vile vikombe vilivyobonyea. Alimtazama mama, nywele timutimu, kiatu kimoja tu kimefungwa. Akaogopa. Akasema moyoni kwamba pengine ni maji kweli.

Bonge alinyweshwa dawa kijiko kwa kijiko, akapata nafuu kidogo, wakaruhusiwa kurudi naye nyumbani na kumleta tena kesho yake jioni.

Siku iliyofuata shuleni, mwenzake Chiriku wa dawati alichelewa kufika. Alikuwa mvulana mwembamba waliyemwita Kijiti.

"Barafu ya mama yako, Chiriku!" alisema akijishika tumbo. "Imenikimbiza chooni mpaka baba akaniuliza kama nimehamia huko."

Wanafunzi wakacheka. Chiriku hakucheka.

"Leo Chiriku kanyonyoka manyoya," msichana wa nyuma alitania. "Hata kujibu hajibu!"

"Ni utani tu," Kijiti alimnong'oneza. "Mbona umebadilika rangi?"

Somo la hesabu lilipita bila Chiriku kuona tarakimu hata moja. Sasa hakuweza tena kujidanganya. Kijiti hakuwahi kunywa maji ya shangazi.

Alikimbia njia nzima kwenda nyumbani. Mlangoni alikuta mkoba wa shangazi, ule wa zipu iliyoharibika, umefungwa kwa kamba. Shangazi aliketi kando yake, amevaa gauni lake la safari.

"Shikamoo, shangazi. Unakwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nakwenda kwa mdogo wangu mwingine. Mama yako anaona ni bora, na baba yako hajui la kusema." Alijaribu kutabasamu. "Mimi niko sawa. Umtazame Bonge asikimbie na kijiti mdomoni."

Jikoni, mama alikuwa akipanga barafu ndani ya boksi. Bonge alilala kwenye mkeka, macho yamezama.

"Mama, unakwenda kuuza?"

"Kuna mechi alasiri hii uwanjani, watoto watajaa. Lazima niuze, dawa ya mdogo wako haiokotwi njiani. Nipishe."

Chiriku alilishika boksi kwa mikono miwili.

"Usiende, mama."

"Chiriku, sina nafasi ya mchezo leo."

"Mama, usiende! Si maji. Ni barafu. Mimi ndiye niliyekuwa nazima friza."

Mama alisimama, kikombe mkononi. Chiriku akaanza kumwaga maneno yote, yakigongana: swichi, asubuhi, mita, mchana, vikombe vilivyobonyea, muuguzi aliyeuliza, Kijiti aliyeugua tumbo. Alipofika mwisho alifumba macho akingoja kofi.

Kofi halikuja. Alipofumbua macho, mama alikuwa ameketi sakafuni, akitazama mkono wake wa kulia kama si wake.

"Nilimpa mimi," mama alisema polepole. "Kila asubuhi. Ili asinililie mlangoni. Mkono huu huu."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Alikwenda akamwinua Bonge, akampangusa jasho la shingoni.

Baba aliporudi, na rangi nyeupe kwenye nyusi, alikuta mama na Chiriku wakimwaga barafu shimoni, kikombe kimoja baada ya kingine. Ilikuwa kazi nzito. Kila kikombe kilikuwa maziwa na sukari ya watu wazima waliojinyima. Mama alilia bila sauti, lakini hakubakisha hata kimoja. Kisha alimshika Chiriku mkono wakazunguka nyumba kwa nyumba, wakaanza kwa kina Kijiti.

"Watoto waliokula barafu zangu wiki hii, muwaangalie," mama aliwaambia wazazi. "Zilikuwa zimeharibika. Mtoto akiharisha, mpelekeni zahanati."

Mzazi mmoja alifoka. Mwingine alishukuru. Chiriku alitamani ardhi imfunike, lakini kila mlango alisema mwenyewe, "Ni mimi niliyezima friza. Naomba mnisamehe."

Zahanati nako walisema ukweli. Muuguzi aliandika, akabadilisha dawa moja, kisha akamwambia Chiriku, "Ungeniambia jana ningekuwa nimeshaibadilisha." Maneno machache, lakini yalimchoma kuliko kelele zote za wazazi.

Baada ya siku chache Bonge alianza kuomba chakula, na aliponyimwa kipande cha pili cha mkate akapiga ukelele uliosikika hadi nyumba ya tatu. Watu wote wakajua amepona.

Shangazi alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa amesema atangoja mtoto asimame vizuri. Lakini mkoba ulibaki pale pale na kamba yake, na yeye na mama walipishana jikoni kwa "samahani, wifi" na "hapana, pita wewe," kama wageni hotelini.

Siku hiyohiyo ya ukelele wa Bonge, baba aliwaita wote jikoni. Alikuwa amebadilisha mpira wa mlango wa friza na kuisogeza mbali na meko. Mita ilikuwa imeanza kutulia. Alimketisha Chiriku mbele yake.

"Ulitaka kutusaidia, najua," baba alisema. "Lakini ulisaidia kwa kificho, na ulipoona mambo yameharibika ukaongeza kificho juu ya kificho. Chakula kikishayeyuka na kulala kwenye joto, kukigandisha tena hakukiponyi. Na uongo ndivyo ulivyo. Hata ukiufanya mgumu kama jiwe, ndani umeoza. Ungesema siku ya kwanza, tungepoteza barafu tu. Kwa kunyamaza, nusura tumpoteze mtoto, na mtu asiye na kosa akabeba lawama."

"Nisamehe, baba. Nisamehe, shangazi."

"Na sisi wakubwa tuna letu," baba aliendelea, akimgeukia mama. "Tulijibana kila mtu na kona yake, bila kuambiana. Shida ya umeme ni ya nyumba nzima. Tangu leo tutasoma mita pamoja, na tutaamua pamoja kipi kizimwe na kipi kiwake. Mtoto naye aulizwe."

Mama aliinamisha kichwa. "Wifi, nisamehe," alisema kwa sauti ya chini, karibu isisikike. "Nilipitiwa."

"Yameisha, wifi," shangazi alijibu, akikunja nguo ya Bonge ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Baba alimgeukia dada yake. "Dada, fungua huo mkoba. Hapa ni kwako. Na kama kuna unachotaka, kiseme."

"Mimi niko sawa. Msijisumbue kwa ajili ya..."

Shangazi aliacha maneno njiani. Alitazama nje kupitia mlango ulio wazi. Majirani walikuwa uani, wengine wakianika, wengine wakichambua mchele, na Mama Redio amekaa katikati yao. Aliiweka chini nguo ya mtoto, akanyoosha mgongo. Chiriku hakuwahi kumwona shangazi akiwa mrefu namna ile.

"Hapana," alisema. "Siko sawa. Wifi, msamaha wako wa hapa jikoni nimeupokea. Lakini uliponitukana hukunitukania jikoni. Ulinitukania pale uani, mbele ya watu wote. Nataka uniombe radhi palepale, na kwa sauti ileile."