Mgeni Aliyekubali Kula

Rafiki yangu Fuensanta aliponiambia kwamba amemkaribisha mgeni chakula na mgeni akakubali, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mungu anisamehe kicheko kile. Mtu alikuja kwangu na hofu yake, nami nikamrudisha nayo nyumbani.

Huko kwenu ukikaribishwa unanawa mikono. Sisi watu wa Kordoba, huku Hispania, anayekukuta unakula unamwambia, "Karibu tule," naye anajibu, "Kuleni kwa afya," anapita zake. Hata mwenye njaa hakubali. Ndivyo tulivyolelewa.

Ilikuwa Mei, majira ya mashindano ya nyua, ya kuona ua wa nyumba gani umependeza kuliko yote, milango iko wazi na wageni wanaingia kupiga picha maua yaliyotundikwa kutani. Fuensanta alikuwa amekaa kando ya kisima na mjukuu wake mdogo, Araceli, wakila salmorejo, ile supu nzito ya baridi ya nyanya na mkate. Mwanamke mmoja akasimama mbele yao. Jua linachoma, yeye kavaa koti la sufu. Hakutazama maua. Alitazama bakuli.

"Karibu tule, mama," akasema Fuensanta, kwa mazoea tu.

"Ahsante," akajibu yule mwanamke. Akakaa, akachukua kijiko mkononi mwa mtoto, akala.

Acisclo, kaka yake Fuensanta, ndiye aliyekuwa akipokea watu mlangoni. Hakumwona mwenye koti akiingia wala akitoka.

"Utamwonaje, macho yako yote kwa wasichana wa Kijerumani?" Fuensanta akamsuta.

"Na wewe dada ulikaa juani bila kofia. Kama kweli alikuwepo, basi katumwa na Visi. Mwaka jana ua wetu ulimshinda, mpaka leo hajapata usingizi."

Visi ni jirani yao wa ukuta mmoja. Ana mdomo, sikatai.

Tangu siku ile chakula cha Araceli kilipoteza ladha. Chungu ni kimoja, upawa ni mmoja. Bibi akionja sahani yake, chumvi ipo; akionja ya mtoto, ni kama kutafuna karatasi iliyolowa. Mtoto alimaliza kila alichopewa, na bado alikonda mpaka mifupa ya mabega ikaonekana chini ya gauni. Daktari alimpima damu, akasema ni joto.

Fuensanta akaanza kumshuku kila mtu. Akawa anatazama viatu vya wageni kabla ya nyuso zao. Visi akamnyima salamu. Nilipompelekea machungwa aliyanusa moja moja mbele ya macho yangu, nami nilistahili. Na kila alasiri, saa ambayo mji mzima hufunga madirisha ukalala, kijiko kilisikika jikoni kikikwangua bakuli, polepole, na harufu ya jiwe bichi la kisimani ikapita chini ya mlango.

"Bibi," Araceli akanong'ona siku moja, "yule mama anasema kiti changu kinamtosha."

Ndipo wakamwita shangazi Angustias, aliyerithishwa na mama yake sala za kuondoa kijicho. Aliweka bakuli la maji, akafanya ishara ya msalaba, akadondosha mafuta ya zeituni. Tone halikuelea. Lilimezwa na maji kama halikuwahi kuwepo.

"Mwacheni Visi," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu ni jini. Ulimkaribisha?"

"Kwa adabu tu, shangazi! Nani angejua atakubali?"

"Ndiyo hivyo. Mgeni uliyemwita kwa kinywa chako humfukuzi. Lazima akatae mwenyewe. Chumvi ya dukani anaifyonza, ila iliyobarikiwa kanisani haiwezi. Itie kwenye chakula, umkaribishe tena, kisha ufumbe macho. Ukisikia 'Kuleni kwa afya', amekwenda. Usifumbue kabla, wangu. Nakusihi."

Alasiri iliyofuata Fuensanta alifunga madirisha, akamketisha Araceli mezani, akaweka bakuli katikati, akasema "Karibu tule", akafumba macho. Na mara harufu ya kisima ikaingia na kujaa chumba, na kiti kikaburutwa, na sufu yenye maji ikamgusa mkono, na kijiko kikakwangua mara moja kikasita, na palikuwa na mapambano madogo, ya kimyakimya, kama watu wawili wanaong'ang'ania nafasi moja, naye akasali Salamu Maria akakosea maneno, akarudia akakosea tena, macho yamebanwa mpaka yanauma, hadi sauti nyembamba iliposema:

"Kuleni kwa afya, bibi."

Akafumbua. Araceli alikuwa peke yake mezani, mashavu mekundu, anatabasamu.

Jioni ile Acisclo alifungua divai, akaenda kumwomba Visi radhi. Wote tulifurahi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini jini lile, mwanamke mtu mzima, liseme kwa sauti nyembamba, wala kwa nini limwite Fuensanta bibi.

Jumapili, wakitoka misani, walimpita muuza supu ya konokono akila kibandani kwake. "Karibu tule, binti!" akaita.

Araceli aliuachia mkono wa bibi yake. "Ahsante," akasema, akakaa, akala.

Muuza konokono alicheka. Fuensanta hakucheka. Alimburuta mtoto hadi nyumbani, akatia punje ya chumvi ya kanisani kwenye kidole, akakipeleka mdomoni mwa Araceli. Mtoto akaushika mkono ule kwa nguvu za mtu mzima.

"Nimeshiba, mama," akasema.

Na alasiri, mji ulipolala, kutoka chini kabisa kisimani, Fuensanta akasikia mtoto akilia njaa.

Padri anasema ni mwangwi. Acisclo alishusha taa kwa kamba. Hakuona ila maji. Lakini Fuensanta kila siku hushusha ndoo yenye mkate na chumvi ya kanisani, na ndoo hupanda tupu. Jikoni, yule mwingine anakua, ananenepa, na watu wanampongeza kwa mjukuu mzuri.

Sina cha kukuomba ila hiki. Leo ukisali, kwa dini yoyote uliyo nayo, mtaje Araceli. Yule wa kisimani.