Mbuzi Wawili Kwenye Tivii

"Simaloi, nani amechomoa hii?"

Abdiel alisimama mlangoni mwa ofisi yake ya kutengeneza tivii, pale Moshono, chapati mbili mkononi, mvua ikimchuruzika shingoni. Skrini ilikuwa nyeusi.

"Mimi," mpenzi wake alijibu kutoka kwenye kochi. "Radi imepiga kule mlimani."

"Nimeandika tangu asubuhi."

"Najua."

"Nilikuambia kitu hiki hakihifadhi. Ukizima, umefuta."

Kompyuta yenyewe ilikuwa ndani ya kibodi nene iliyogeuka njano, zile za zamani za kuchomeka kwenye tivii. Abdiel alikua nayo, na majuzi aliikuta darini kwa mama yake. Leo kazi za wateja zilimngoja huku akikumbuka amri moja baada ya nyingine, mpaka mbuzi wawili wa vinukta wakaanza kupanda mlima. Mmoja aliitwa A, mwingine B.

B alikuwa Brightness, jirani yake wa utotoni, ambaye siku hizi anaishi Dodoma. Leo yuko Arusha, na alikuwa njiani kuja kuwaona hao mbuzi.

Abdiel aliketi, akashusha pumzi.

"Samahani, nimepaza sauti. Hata mama alikuwa anatuchomolea radi ikipiga. Umeokoa tivii ya watu. Asante."

Akampa chapati. Simaloi aliishika tu. Nyuma yao friji ya mteja, iliyoletwa jana, ilikuwa ikinguruma. Abdiel hakuisikia, amezoea. Simaloi aliisikia kama imo kichwani mwake. Angenyamaza, yangeishia hapo.

"Abdi."

"Naam."

"Friji bado inawaka."

Abdiel akageuka. "Umeisahau."

"Sijaisahau. Niliiona, nikaiacha. Nikaenda kwenye kompyuta."

Abdiel aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo hakukuwa na radi?"

"Ilipiga kweli. Ila ilipopiga, nilifurahi."

Abdiel akaiweka chapati yake mezani.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unacheka peke yako. Nikataka kujua huyo B ana nini. Nikashindwa kuuliza."

"Uliza sasa."

"Unampenda?"

"Nilikuwa na miaka kumi na moja, mama. Nilichotaka ni kumshinda, na sikuwahi." Alitabasamu kidogo. "Yeye alikuwa anasoma amri kitabuni, mimi naandika. Tukikosea nukta moja, mbuzi anapotea kwenye skrini. Tunatafuta kosa mpaka tunaitwa kula. Nilitaka nione kama bado naweza kushangaa vile."

"Na mimi je? Kwetu Olasiti wananiuliza kila Jumapili kama una miguu, maana hujafika."

Abdiel alicheka, kisha akaona Simaloi hacheki.

"Nikikuuliza unataka nini, unajibu, 'Sawa tu.' Nikikuuliza nije kwenu lini, sawa tu. Sasa niende nikakae mbele ya wazee, niseme binti yenu amesema sawa tu?"

"Nilikuwa naona aibu."

"Na kunichomolea hukuona aibu?"

"Niliona. Lakini baadaye."

Safari hii walicheka wote wawili, Simaloi akificha uso. Simu ya Abdiel ikalia mezani. Ujumbe ulitoka kwa Brightness:

"Niko Kijenge, mvua imenishika. Mbuzi wangu mzima?"

Abdiel akamsukumia simu. "Mjibu wewe."

Simaloi aliandika polepole, akasoma, akaandika tena, kisha akamwonyesha:

"Habari Brightness. Ni Simaloi, mchumba wa Abdiel. Mbuzi nimewafuta mimi, kwa wivu. Karibu tuwaandike upya, unifundishe."

"Mchumba?" Abdiel aliuliza.

"Nifute?"

"Tuma."

Jibu halikuchelewa: "Hahaha. Na mimi ningewafuta. Nakuja, shemeji."

Abdiel akachukua simu, akapiga.

"Shikamoo baba mdogo... Hapana, si habari ya ile redio yako. Jumamosi nataka tushuke wote Olasiti, nikajitambulishe... Ndiyo, huyo huyo."

Sauti nzito ikasikika mpaka kwenye kochi: "Na yeye mwenyewe anataka? Nisije nikavaa koti bure."

Abdiel alimtazama Simaloi, akamnyooshea simu.

Aliipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti yangu. Nasubiri jibu."

"Nataka," Simaloi alisema. "Nataka sana. Koti vaa tu."